Umri na Mwenye Bato

Mtu wa Miti anayekwenda Goma kwa bato huanza safari kwa kuipa Goma mgongo. Barabara ya kaskazini inampitia mlangoni: Kavumu, Katana, Kalehe, Minova, mpaka Goma kwenyewe, ziwa Kivu likiwa mkono wa kuume. Yeye hupanda teksi ya kusini, zaidi ya kilomita 20 hadi Bukavu, hushuka bandarini na mizigo yake, ndipo anageuka na kurudi kaskazini majini, akipita tena usawa wa kwao. Ukitazama ramani utasema ni ujinga. Ukiuliza kiuno, hasa kiuno cha mtu aliyevuka miaka 70, utaambiwa ni busara. Barabara ya taifa namba 2 kati ya Bukavu na Goma ni kilomita kama 200 za mashimo, tope na kona za milimani, na miaka hii ya vita imeiongezea vizuizi visivyochorwa kwenye ramani yoyote.

Kuna watu wamezunguka hivyo tangu ujana wao. Walimu wastaafu, makatekista, wajane, mama waliokuwa wakiuza vitenge kabla magoti hayajakataa. Bandarini wanajuana kwa mizigo kabla ya majina: yule wa kapu la maparachichi, yule wa jogoo aliyefungwa miguu. Wakienda hubeba maharagwe na ndizi. Wakirudi hubeba jibini ya Masisi iliyoviringishwa gazetini, na harufu yake hukaa kwenye begi mpaka safari nyingine.

Hakuna anayekubali kwamba hiyo ni likizo. Utaambiwa ni ubatizo, ni mjukuu anaumwa, ni matanga ya shemeji. Lakini shangazi yangu, mwalimu mstaafu, hupiga pasi kitenge cha safari siku mbili kabla, huazima thermosi ya jirani ingawa yake inatosha, na usiku wa kuamkia safari hana habari nyingine ila ya bato. Msibani mtu haendi namna hiyo. Sisi wa Miti tumewaona watalii wengi wakikata kona kwenye njia panda yetu kupanda Tshivanga kuwaona gorila wa Kahuzi-Biega; sura ya mtu anayekwenda kujifurahisha tunaijua.

Raha yenyewe ilikuwa usiku. Bato kubwa liliondoka Bukavu jua likizama, likafika Goma asubuhi. Kwa maji ni kama kilomita 100 tu, na mwenye haraka angesema usiku mzima ni mwingi mno. Wao walikuwa wakiulipia wingi huo. Mikeka ilitandikwa, chai ikamiminwa, samaki wa sambaza wa kukaanga wakapita mkono hadi mkono kwenye karatasi iliyolowa mafuta. Mtu aliyekaa ubavuni pako usiku kucha hashuki akiwa mgeni. Ndoa zimeposwa humo. Madeni yamesamehewa humo. Najua kesi moja ya shamba huko Katana iliyowashinda machifu, ikaja kwisha katikati ya ziwa kwa sababu hakuna aliyeweza kuinuka kwa hasira akaenda zake.

Kisha, kabla hakujapambazuka, mmoja alikuwa akisema: "Umewaka." Wote wakapanda juu. Upande wa kaskazini, angani, wingu jekundu: mwanga wa ziwa la moto lililokuwa likichemka ndani ya Nyiragongo. Ni volkano ileile iliyomimina lava katikati ya Goma Januari 2002, ikamimina tena tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye watu kwa maelfu wakakimbilia Bukavu kwa mabato hayohayo. Shangazi akiuona mwanga huo hufanya ishara ya msalaba, halafu huuliza kama kuna aliyebakiza chai.

Siku hizi wengi hupanda kano ya mbio, yaani boti ya kasi. Saa tatu hivi na uko Goma. Unaondoka asubuhi, mchana unakula kwa mwanao kule Himbi. Kwa mgonjwa ni baraka, kwa mfanyabiashara ni faida, na mimi nikiwa na kazi naipanda bila kufikiri mara mbili. Viti vimefungwa sakafuni, vyote vikitazama mbele, na huko mbele kuna televisheni inayoonyesha filamu ya Kinijeria kwa sauti ya kumwamsha maiti. Unapewa soda na biskuti. Kupanda juu hairuhusiwi. Ukitaka kuongea na jirani inabidi upige kelele kushinda mashine, ukunje shingo, na baada ya maneno matano wote wawili mnarudi kwenye filamu.

Shangazi ana malalamiko yaliyopangika vizuri kuliko litania. Soda ya baridi saa moja asubuhi, nani aliyewaambia? Biskuti ya nani, mimi ni mtoto wa chekechea? Dirisha limefungwa kwa skrubu. Kijana wa tike hajui kusalimu. Bato la usiku lipo bado, na hilo nalo limepata hukumu yake: sitaha imejaa magunia, taa haizimwi, ngazi zimekuwa ndefu.

Hapo kwenye ngazi ndipo nilipoanza kumsikiliza vizuri. Ngazi za lile bato ni zilezile. Hakuna fundi aliyeziongeza urefu. Maandishi ya tike ni yaleyale, hayakupunguzwa. Mwenzake wa mkeka, mama mmoja wa Katana aliyekuwa na kicheko cha kusikika mpaka chumba cha mashine, alifariki, na hakuna mwenye bato anayeweza kumrudisha kwa kuboresha huduma. Hayo yote yamechukuliwa na umri. Lakini magunia juu ya sitaha hayakuwekwa na umri. Kuna mtu aliyepiga hesabu akaona sitaha ya kukaa watu inalipa kidogo kuliko sitaha ya saruji. Wala si umri uliomfundisha karani kuandika namba ya kadi ya mpiga kura bila kuinua macho, mahali ambapo karani wa zamani alimwita shangazi "Mwalimu" na kumtafutia nafasi karibu na ngazi bila kuombwa.

Ubaya ni kwamba hasara hizi mbili hufika kwa pamoja. Magoti yanaanza kuuma mwaka uleule ambao benchi linaondolewa. Na mwenye bato anaupenda sana mchanganyiko huo, kwa sababu kila lawama anaijibu kwa sauti ya upole: "Mama amechoka." Wote tunatikisa kichwa kwa huruma, benchi halirudi. Wazee nao huchanganya kwa upande wao. Shangazi anapoongea, utadhani wenye kano ndio waliomuua rafiki yake.

Jambo hili haliko Kivu tu. Kuna ulimwengu mwingine wa meli, ambako watu wazima wa Ulaya na Marekani hulipa ili wazungushwe baharini wiki moja au mbili na kurudishwa kwenye bandari walikotoka. Makampuni yao huuhesabu uaminifu. Kila usiku uliolala melini, au kila safari uliyofanya, inaongezwa kwenye jina lako. Hesabu ikipanda, kadi yako nayo inapanda, unafuliwa nguo bure, unatangulia kuingia, unaalikwa kinywaji pamoja na nahodha. Hata hivyo wazee wa huko nao wana litania yao. Wanasema wenye kadi za juu wamekuwa wengi mpaka foleni ya heshima inashinda ya kawaida. Wanasema vyakula vilivyokuwa ndani ya nauli vimehamia kwenye migahawa ya kulipia, na usiku wa kuvaa suti umekuwa usiku wa kaptura. Meli zenyewe zimevimba: Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na inaweza kuchukua abiria wapatao 7,600, mbali na wafanyakazi. Nahodha wa meli hiyo, hata awe na moyo wa dhahabu, hawezi kukuuliza mjukuu ameamkaje.

Mjane mmoja wa Marekani alikwenda mbali kuliko wote. Alihamia kabisa ndani ya Queen Elizabeth 2 karibu na mwaka 2000, akaifanya nyumba yake, mpaka mwaka 2008 meli ilipostaafishwa na kupelekwa Dubai, ambako leo ni hoteli iliyofungwa gatini. Abiria alikuwa bado anataka kusafiri; meli ndiyo iliyomwacha. Nilimsimulia shangazi nikitegemea atasikitika. "Huyo alikuwa na feza," alisema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Kule Tanganyika ni kinyume. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 ikaanza upya kubeba watu. Abiria wake wa kwanza wamekufa, watoto wao wamezeeka, meli ni ileile. Huku kwetu ni wazee waliobaki na mabato yanayopita: linaisha la shirika la reli, SNCC, linakuja la tajiri huyu, linauzwa kwa tajiri yule, linapakwa rangi nyingine na kupewa jina la kumtukuza Mungu. Mzee anayesema "bato letu" anasema habari ya vyombo vingi ambavyo havikuwahi kukutana.

Kuna badiliko moja ambalo shangazi alilipinga kwa nguvu zote, na sasa halina mlinzi kama yeye. Aprili 2019 mashua ilizama katika ziwa hili na watu wapatao 150 hawakuonekana. Rais Félix Tshisekedi alikuja kufariji familia, akaagiza kwamba kuanzia hapo kila abiria avae gile ya kuelea. Shangazi aliichukia. Inanuka jasho la watu, inakunja kitenge, inamfanya mtu mzima aonekane amefungwa nepi shingoni. Aliivaa bandarini mbele ya askari, akaivua bato lilipopinda rasi ya kwanza.

Halafu tarehe 3 Oktoba 2024 ikaja habari ya Merdi. Vita vilikuwa vimeikata barabara ya kati ya Minova na Goma, kila mtu na kila gunia vikahamia majini. Mashua iliyotengenezwa kwa watu wapatao 80 ilipakia 278, kwa hesabu aliyoitoa gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi. Ilipinduka ikiwa imekaribia kutia nanga Kituku, pale Goma, mbele ya macho ya watu waliosimama ufukweni kuwangojea ndugu zao. Hesabu ya kwanza ya gavana ilikuwa maiti 78.

Tangu siku hiyo shangazi hupanda akiwa ameshafunga gile yake nyumbani kwa maneno na bandarini kwa kamba, na huzunguka kukagua za wengine, akivuta mikanda ya vijana wasiomjua. Lakini kabla ya yote hayo husimama gatini na kutazama mahali maji yanapogusa ubavu wa bato. Safari za miaka mingi zimempa jicho hilo. Anajua mstari wa rangi unapaswa kubaki juu ya maji kiasi gani bato likiwa na mzigo wa halali. Jioni moja mstari haukuonekana. Alikataa kupanda. Alikaa juu ya begi lake, akasema kwa sauti ya darasani kwamba bato limelemewa na yeye hana haraka ya kufika mbinguni kabla ya Goma. Kijana wa mizigo alimcheka. Mzee mmoja mwenye bakora akashuka, akakaa naye. Wakafuata wengine wa rika lao, kisha mama mmoja mwenye watoto, na gati likaanza kujaa upya. Nahodha alitoka, akawatazama wazee wale waliokaa juu ya mabegi yao, akatazama ubavu wa bato lake. Magunia ya saruji yakaanza kuteremshwa.

Abiria wa mara ya kwanza asingeweza kuyafanya hayo. Yeye huliona bato lilivyo leo. Hana jana ya kulilinganisha nayo. Mkaguzi wa serikali huja na karatasi, na mara nyingine huondoka na bahasha. Mzee aliyepanda tangu ujana anazo kichwani jioni zote zilizopita, na jioni hii ikipungua kitu anakihisi kabla hajakitaja. Ndiyo maana nasema malalamiko yake, hata yale ya soda, yasikilizwe mpaka mwisho. Katikati ya biskuti na ngazi huenda ukasikia habari ya mstari wa maji.

Sitaki kumtukuza kupita kiasi. Wazee hawaoni kwamba ile zamani yao nayo iliwahi kuwa upya wa kuudhi. Chukua hao sambaza, roho ya bato la usiku, ambao shangazi huwaona kuwa sehemu ya ziwa kama mawe yake. Ni wageni. Waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, naye akiwa msichana mdogo. Marehemu babu, baba yake, walipoanza kujaa sokoni alisema hawa si samaki, ni takataka zenye macho, ziwa limeharibiwa. Nilimkumbusha hayo siku moja alipokuwa akiilaani televisheni ya kano. Alicheka sana, lakini hakurudi nyuma hata hatua. "Baba hakujua kukaanga," alisema.

Mwanzoni mwa 2025 hapakuwa na bato la kulalamikia. Waasi wa M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari. Mabato yalifungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu hapo jirani yetu ukanyamaza. Binti ya shangazi alikuwa Himbi, yeye Miti, na simu zilikuwa zikikatika. Bato lilipoanza tena, alienda bila kuuliza la nani wala linaondoka saa ngapi. Hakupiga pasi chochote. Alipofika, binti yake alinipigia akiwa na wasiwasi: mama amelala vizuri, amekula vizuri, lakini ana nini? Haongei habari ya safari. Hajataja soda. Tulihangaika naye wiki kadhaa. Pasaka ilipopita ndipo alipouliza, kwa hasira ya kweli, nani aliyeamua kwamba abiria wa asubuhi wanataka filamu za wachawi. Tukapumua.

Sidai wazee wetu wapewe kadi za dhahabu. Tumeona ng'ambo kadi hizo zinavyoishia kwenye foleni. Nadhani inatosha wenye mabato waweke chuma cha kushikilia pande zote mbili za ngazi, wabakize sitaha kidogo isiyo na gunia ili watu wapande juu kabla ya alfajiri, wapunguze sauti ya hiyo televisheni, na wamlipe karani vizuri ili akae kazini miaka ya kutosha kujua nani alikuwa mwalimu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalongoja mfadhili. Na wazee kwa upande wao, shangazi akiwa wa kwanza, waache kumdai tajiri awarudishie magoti.

Alitaka nimsomee haya kabla hayajaenda gazetini. Nikasoma mpaka hapa. Ya magoti aliyapokea kwa kunyamaza, ya baba yake akataka niyaondoe, nikakataa. Akasema basi, kama nang'ang'ania, niongeze kwamba mlango wa choo cha bato la usiku haufungi kwa ndani tangu Krismasi ya mwaka juzi, kwamba amemwambia karani mara nyingi, na kwamba karani kila mara anasema ameandika.